Mwanasheria na Hazina ya Umma: Gunnar Jahn wa Norwe

Mnamo tarehe 14 Juni 1816 Bunge la Norwe, liitwalo Storting, lilipitisha sheria ya kuanzisha benki ya taifa katika nchi ambayo miaka miwili tu nyuma ilikuwa imetoka mikononi mwa wafalme wa Denmark walioitawala kwa zaidi ya karne nne, ikajiandikia Katiba tarehe 17 Mei 1814, kisha kabla ya mwaka huo kwisha ikalazimika kuingia katika muungano na Sweden chini ya taji moja. Noti zilizorithiwa kutoka Denmark zilikuwa hazina thamani tena, kwa kuwa serikali ya Copenhagen ilifilisika mwaka 1813 kwa gharama za vita vya Napoleon. Na maadamu watu walikwisha kupoteza imani na karatasi, ilibidi benki mpya isimamishwe juu ya madini ya fedha yaliyopimwa kwa mizani. Wananchi waliombwa wanunue hisa kwa hiari yao, wakasita. Ndipo ikapigwa kodi ya lazima, kila mwenye mali akakadiriwa kiasi chake, na kutoka makabatini mwa wakulima, wafanyabiashara na makasisi vikatolewa vijiko, birika na vikombe vya arusi, vikapelekwa kuwa rasilimali ya Norges Bank, yaani Benki ya Norwe, na aliyelipa akaandikiwa hisa yake daftarini. Makao makuu ya benki hiyo yaliwekwa Trondheim, mji wa kale wa kaskazini, mbali na Christiania (Oslo ya leo) ambako serikali ilikaa, na ikapita zaidi ya robo karne, hata mwaka 1842, ndipo mwenye noti alipoweza kuipeleka benki na kupewa fedha ya thamani yake kamili.

Katika mji huo huo wa Trondheim, tarehe 10 Januari 1883, benki ingali na makao yake pale, alizaliwa Gunnar Jahn, mtu ambaye jina lake halijulikani sana miongoni mwa wasomaji wa Kiswahili, ingawa mkono wake ndio uliomkabidhi Chifu Albert Lutuli wa Afrika Kusini Tuzo ya Amani ya Nobel, ukamkabidhi pia Martin Luther King. Hakuwa mwanasiasa wa majukwaani, wala hakuwa tajiri. Alikuwa mwanasheria aliyeitumikia dola ya nchi yake katika takwimu, katika wizara, katika benki kuu na katika kamati ya tuzo, kwa muda unaozidi nusu karne, na katika sehemu hizo zote kazi yake ilikuwa moja: kutunza amana ya watu wengine na kuitolea hesabu.

Huenda msomaji akauliza, mwanasheria amefikaje katika takwimu na benki? Jawabu lake ni la historia. Chuo Kikuu cha Christiania kilianzishwa mwaka 1811, na kwa muda wa karne nzima mtihani wake wa sheria ndio uliokuwa mlango mkuu wa kuingilia utumishi wa serikali. Norwe haikuwa na tabaka kubwa la makabaila wa kurithi vyeo, na wale wachache waliokuwapo walinyang'anywa daraja zao kwa sheria ya mwaka 1821. Kwa hiyo uongozi wa nchi ukashikwa na maofisa waliosoma, na wengi katika hao walikuwa wanasheria. Aliyekwisha kufaulu mtihani ule alihesabiwa kuwa anafaa kuwa hakimu, mkuu wa wilaya, katibu wa wizara, au mhesabu wa watu na mali zao. Hata Anders Nicolai Kiær, aliyeiongoza Idara Kuu ya Takwimu tangu ilipoundwa mwaka 1876 hadi 1913, alikuwa mhitimu wa sheria, naye ndiye aliyesimama mbele ya wataalamu wa mataifa huko Bern mwaka 1895 akawaambia kwamba si lazima kumhesabu kila mtu ili kuijua hali ya watu, bali yatosha kuchagua sehemu ndogo inayofanana na umma wote kwa sura zake zote, watu wa mjini na wa shamba, matajiri na mafakiri, vijana na wazee. Wengi wa waliomsikiliza walimpinga vikali, wakiona kwamba kukadiria si kuhesabu. Leo hakuna nchi duniani isiyotumia njia iliyotokana na fikra ile.

Jahn alikuwa mwanafunzi wa miaka 22 mwaka 1905, mwaka ambao Norwe ilijitoa katika muungano na Sweden bila kumwaga damu na kujipatia mfalme wake mwenyewe. Mwaka huo huo Chuo Kikuu kilianzisha mtihani wa miaka miwili wa uchumi wa dola, elimu ambayo hapo nyuma ilikuwa tawi dogo tu la masomo ya sheria. Jahn alimaliza sheria mwaka 1907, akafanya na mtihani huo mpya mwaka 1909, akawa mmoja wa kizazi kilichosimama kati ya zama mbili, mguu mmoja katika kanuni na mguu wa pili katika hesabu. Nadhani hapa ndipo penye siri ya mambo yake yote yaliyofuata, maana mwanasheria hufunzwa kuuliza ni nani aliye na haki ya kuamua na kwa mipaka gani, na mtakwimu hufunzwa kutosema zaidi ya kile kilichothibitika.

Mwaka 1920 Nicolai Rygg, aliyemfuata Kiær katika uongozi wa takwimu, aliitwa kuwa gavana wa Benki ya Norwe, na nafasi aliyoiacha akapewa Jahn. Miaka 26 baadaye Rygg alipotoka katika benki, Jahn tena ndiye aliyeketi katika kiti chake. Ni nadra watu wawili kufuatana hivi katika vyeo viwili vikubwa vya nchi moja, na haiwezekani kumfahamu wa pili bila ya kumtaja wa kwanza.

Rygg alichukua uongozi wa benki wakati krone ya Norwe imepungua sana thamani kwa mfumko wa bei wa Vita Kuu ya Kwanza, naye akaazimia kuirudisha katika thamani yake ya kale ya dhahabu, krone kwa krone, kwa kuwa aliiona ahadi iliyoandikwa juu ya noti kuwa ni deni la heshima, kama lile lililolipwa mwaka 1842 baada ya subira ndefu. Azma hiyo ilitimia mwezi wa Mei 1928. Lakini gharama yake ilikuwa nzito: bei zilishuka mwaka baada ya mwaka ilhali madeni yalibaki yale yale, mkulima aliyekopa krone elfu wakati wa neema akatakiwa azilipe kwa nafaka na maziwa yaliyokwisha kupoteza nusu ya thamani yao, mashamba yakapigwa mnada, na benki nyingi za biashara, zikiwemo baadhi ya kubwa zilizoanguka mwaka 1923, zikashindwa kuwalipa waweka akiba wao. Na baada ya mateso yote hayo, katika Septemba 1931, Uingereza ilipoacha kipimo cha dhahabu, Norwe nayo ikakiacha siku chache tu baadaye. Sitaki kumdhulumu Rygg, kwani hakuwa peke yake Ulaya katika imani ile, na nia yake ilikuwa safi. Ila ni kweli kwamba uaminifu wa mtu kwa maandishi unaweza kuwafikisha wengine katika ufukara.

Katika miaka hiyo yote Jahn alikuwa upande wa pili wa meza, mahali ambapo maumivu ya nchi hufika yakiwa yamegeuzwa kuwa safu za tarakimu: gharama za maisha, wasio na kazi, mashamba yaliyouzwa, hesabu ya watu ya mwaka 1920 na ya mwaka 1930. Hesabu ya watu katika nchi ile si kazi nyepesi, maana pwani yake imechanikachanika kwa ghuba ndefu ziingiazo ndani ya milima, na familia nyingi zilikaa katika visiwa na mabonde ambako karani alifika kwa mashua au kwa kuteleza juu ya theluji. Jahn alikaa katika kazi hiyo kwa muda wa robo karne, na katika muda huo alitoka mara moja tu kuingia serikalini, akiwa waziri wa fedha wa chama cha Venstre katika baraza la Johan Ludwig Mowinckel, kuanzia mwisho wa 1934 hadi Machi 1935, serikali hiyo ilipoanguka na chama cha Wafanyakazi kikashika madaraka. Akarudi kwenye daftari zake.

Tarehe 9 Aprili 1940 majeshi ya Ujerumani yaliishambulia Norwe kutoka baharini na angani. Kisa cha dhahabu ya benki katika siku zile kinastahili kusimuliwa. Manowari ya Kijerumani Blücher ilizamishwa na mizinga ya ngome ya Oscarsborg katika mlango wa bahari wa Oslo, na kwa hiyo adui akachelewa kuingia mjini kwa saa chache. Katika saa hizo, takriban tani 50 za dhahabu zilitolewa katika hazina ya benki, zikiwa katika masanduku na mapipa madogo yapatayo 1,500, zikapakiwa katika malori zikapelekwa Lillehammer. Kutoka huko zilichukuliwa kwa gari moshi, kwa malori na kwa boti za wavuvi, chini ya mabomu, mpaka Åndalsnes, Molde na Tromsø, zikavushwa na meli za vita za Kiingereza. Na miongoni mwa waliozilinda njiani alikuwamo mshairi Nordahl Grieg. Karibu zote zilifika salama ng'ambo ya bahari. Huko London serikali iliyokimbilia uhamishoni iliunda uongozi wake wa benki kuu, na aliyewekwa kuwa mkuu wake alikuwa Arnold Ræstad, naye pia mwanasheria, aliyepata kuwa waziri wa mambo ya nje, na aliyejipatia sifa ya kielimu kwa utafiti wake juu ya mipaka ya nchi baharini.

Jahn alibaki Oslo. Watawala wapya walipotoa amri kwamba mahakama hazina mamlaka ya kuchunguza uhalali wa maagizo yao, majaji wote wa Mahakama Kuu, wakiongozwa na Jaji Mkuu Paal Berg, walijiuzulu kwa pamoja katika Desemba 1940, wakasema waziwazi kwamba kazi isiyokuwa na haki ya kuhoji amri si kazi ya hakimu. Baada ya hapo Paal Berg na watu wachache aliowaamini walikuwa wakikutana kwa siri, katika baraza dogo lililokuja kujulikana kwa jina la Kretsen, yaani Duara, ambalo lilipatana na serikali ya London juu ya uongozi wa upinzani wa raia; na Gunnar Jahn alikuwa mmoja wa nguzo zake. Mtu aliyezoea kutwa kucha kuandika kila jambo na kuliweka wazi kwa umma, sasa alijifunza kuzungumza katika vyumba vilivyofungwa madirisha, na kuwaamini wenziwe bila ya karatasi. Mwaka 1944 alikamatwa, akawekwa katika kambi ya Grini, magharibi ya Oslo, mahali ambapo maelfu ya Wanorwe walifungwa katika miaka ya vita, akakaa humo hadi nchi ilipokombolewa katika Mei 1945.

Kutoka kifungoni hakupata mapumziko. Tarehe 25 Juni 1945 Einar Gerhardsen, naye akiwa mfungwa wa zamani, aliunda serikali ya umoja wa vyama vyote, akamtaka Jahn awe waziri wa fedha. Hali aliyoikuta ilikuwa hivi: jeshi la Ujerumani lilikuwa limeichotea benki kuu ya Norwe zaidi ya krone bilioni 11 kwa kulipia askari wake na ngome zake, na fedha hizo zote zikabaki mikononi na katika akaunti za watu ilhali maduka yalikuwa matupu. Noti zilizokuwa zikizunguka ziliongezeka mara kadhaa kupita za kabla ya vita. Wapo waliopata krone hizo kwa jasho na kuziweka akiba kwa kukosa cha kununua, na wapo waliozipata kwa kumjengea adui viwanja vya ndege na kwa biashara ya magendo. Na noti, kwa sura yake, haisemi imetoka wapi. Lau wote hao wangeachwa watoke siku moja kwenda sokoni, bei zingepaa, na akiba ya mjane ingeyeyuka pamoja na faida ya msaliti.

Njia iliyochukuliwa ilikuwa kali na ya haki kwa pamoja. Kuanzia tarehe 9 Septemba 1945 noti zote za zamani zilikoma kuwa malipo halali. Aliyekuwa nazo alipaswa kuzipeleka kwa muda uliowekwa, akaandikisha jina lake na kiasi chake, akapewa noti mpya kwa sehemu, na sehemu nyingine ikafungwa katika akaunti isiyoguswa. Hisa na hati nyingine za thamani nazo zikaandikishwa, na akiba za benki zikazuiliwa kwa kadiri yake. Alhasili mambo mawili yalitimia kwa wakati mmoja: fedha ziada ziliondolewa sokoni, na serikali ikapata kuona, kwa mara ya kwanza, nani ana nini, ndipo baadaye ikafuata kodi maalumu juu ya mali iliyoongezeka katika miaka ya vita. Ukiitazama hatua hiyo vizuri utaiona kuwa ni sensa, hesabu ya krone badala ya hesabu ya watu, na wala si ajabu kwamba ilipita katika mikono ya mtu aliyekuwa mkuu wa takwimu kwa robo karne. Mwezi wa Novemba serikali ya umoja ikavunjwa baada ya uchaguzi, chama cha Wafanyakazi kikatawala peke yake, na wizara ya fedha akapewa Erik Brofoss, kijana aliyehitimu sheria na uchumi kama Jahn, lakini mwenye madhehebu mengine kabisa ya kiuchumi.

Mwaka 1946 Jahn akawa gavana wa Benki ya Norwe, naye alikuwa na miaka 63. Kiti kilikuwa kikubwa, mamlaka yamepungua. Serikali ya chama cha Wafanyakazi ilikuwa imeazimia kuijenga nchi upya kwa mpango, kwa leseni za kuingiza bidhaa, kwa mgao wa vyakula na vifaa, na kwa mikopo ya bei nafuu kwa viwanda, umeme na nyumba. Riba ya benki kuu ikashushwa Januari 1946 ikawa asilimia 2.5, ikabaki hapo hapo miaka tisa mfululizo. Jahn aliona kwamba riba iliyogandishwa chini hivyo, wakati watu wote wanataka kukopa, ni kulifunga jicho moja, maana benki kuu hunyimwa chombo chake cha asili cha kuzuia mfumko wa bei, na ugawaji wa mikopo huhamia katika ofisi za wizara. Aliyasema hayo, akayaandika, akayarudia. Wizara ilisikiliza kwa adabu, ikaendelea na mpango wake. Mwaka 1951 iliundwa kamati ya ushirikiano kati ya serikali na mabenki ili kuzuia mikopo isipite kiasi, na gavana akawa mwenyekiti wake, kazi iliyomlazimu kuwashawishi wakuu wa mabenki wafanye kwa hiari yale ambayo riba ingeyafanya yenyewe.

Lakini ni haki kusema kwamba Brofoss na wenziwe nao walikuwa na hoja. Walikumbuka mashamba yaliyopigwa mnada katika zama za Rygg, wakaapa kwamba kamwe nchi haitawekwa tena chini ya miguu ya noti. Norwe ilijengwa upya upesi, kazi zikapatikana kwa wote, na mimi sioni kwamba mtu mwenye insafu anaweza kulipuuza hilo. Jahn mwenyewe hakujaribu kuihujumu serikali iliyochaguliwa. Alishika mpaka wake kama mwanasheria, akatoa shauri, na uamuzi akawaachia wenye uamuzi. Mwaka 1949 mambo mawili makubwa yalitukia katika zamu yake. Krone ilifuata pauni ya Uingereza mwezi wa Septemba katika kupunguzwa thamani, hata dola ya Marekani iliyokuwa ikipatikana kwa chini ya krone 5 ikapanda kupita krone 7. Na serikali ilizinunua hisa zote za benki zilizokuwa bado mikononi mwa watu binafsi, hisa ambazo asili yao ni vile vijiko na birika vya mwaka 1816. Tangu hapo benki ikawa mali ya dola peke yake. Jahn alistaafu mwaka 1954 akiwa na miaka 71, na Brofoss akachukua nafasi yake. Na mapema mwaka uliofuata riba ikapandishwa.

Yote hayo yangetosha kuwa maisha ya mtu mmoja. Bali tangu mwaka 1941, alipofariki mtangulizi wake Fredrik Stang, Jahn alikuwa pia mwenyekiti wa Kamati ya Nobel ya Norwe, watu watano wanaochaguliwa na Bunge kutimiza wasia wa Alfred Nobel katika tuzo ya amani, naye alidumu katika uenyekiti huo hadi mwaka 1966. Nyumbani kwake amani haikuwa jambo geni, kwani mkewe, Martha Larsen Jahn, alikuwa miongoni mwa wanawake waliosimamisha nchini Norwe tawi la jumuiya ya kimataifa ya wanawake wa amani na uhuru. Miaka ya vita ilipita bila tuzo. Baada yake zikaja tena, na mwaka 1947 zilikwenda kwa mashirika ya huduma ya Marafiki wa Uingereza na wa Marekani, wafuasi wa madhehebu ambayo watu wa Kaimosi katika Kenya wanayajua kwa jina hilo hilo.

Hapo ndipo palipo na jambo zito kuliko yote katika maisha ya Jahn, nalo ni jambo la Mohandas Gandhi. Mwaka huo wa 1947 jina la Gandhi lilikuwa mezani pamoja na la Marafiki. Bara Hindi limegawanywa, damu inamwagika Punjab, na magazeti yameleta habari kwamba Gandhi ametamka maneno yanayoelekea kukubali vita na Pakistani. Wajumbe wawili walimtetea. Wengine watatu, Jahn akiwamo, walikataa. Jahn alikuwa na desturi ya kuandika shajara, na humo aliandika sababu zake: kwamba miongoni mwa waliopendekezwa Gandhi ndiye mtu mkubwa kuliko wote, lakini si mtume wa amani tu, bali kwanza kabisa ni mpigania taifa lake. Miezi michache baadaye, tarehe 30 Januari 1948, Gandhi aliuawa kwa risasi, siku mbili kabla ya muda wa mapendekezo kufungwa.

Mwaka huo kamati ilikuwa tayari kufikiri upya, na swali lililokuwa mezani likageuka kuwa la sheria. Je, yawezekana kumpa tuzo maiti? Kanuni hazikulizuia jambo hilo kabisa. Lakini Gandhi hakuacha jumuiya iliyo chini yake, hakuacha mali wala wasia. Fedha angepewa nani? Waliulizwa wenzao wa Sweden wanaotoa tuzo nyingine, wakajibu kwamba aliyekufa asipewe isipokuwa kifo kimemkuta baada ya uamuzi kukatwa. Tarehe 18 Novemba 1948 kamati ikatangaza kwamba mwaka huo tuzo haitolewi, kwa kuwa hapana mtu aliye hai anayestahili. Theluthi moja ya fedha zake ikarudishwa katika mfuko mkuu, na theluthi mbili katika mfuko maalumu. Nimelisoma tukio hili mara nyingi, na kila mara naona kwamba kamati ilikosea: ilikosea mwaka 1947 ilipokuwa na mtu hai mbele yake, na mwaka 1948 ikajificha nyuma ya kanuni ambayo yenyewe ilikuwa imeacha mlango wazi.

Kwamba mlango ulikuwa wazi ilionekana miaka 13 baadaye. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikufa katika ndege iliyoanguka karibu na Ndola, katika Rhodesia ya Kaskazini, akiwa njiani kwenda kuonana na Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, ili kusimamisha mapigano katika jimbo hilo la Kongo. Jina lake lilikuwa limependekezwa angali hai, na kamati ikampa tuzo ya mwaka ule. Tuzo ya mwaka 1960 ilikuwa bado imewekwa, nayo akapewa Albert Lutuli, rais wa African National Congress, mwalimu na chifu wa Groutville katika Natal ambaye serikali yake ilimvua uchifu mwaka 1952 kwa kukataa kujitenga na chama chake, kisha ikamwekea marufuku ya kutotoka wilayani mwake.

Hivyo tarehe 10 Desemba 1961, siku ya pili ya uhuru wa Tanganyika, katika ukumbi mkubwa wa Chuo Kikuu cha Oslo, chini ya picha ya Edvard Munch inayoonyesha jua likichomoza baharini, Jahn, mzee wa miaka 78, alitoa tuzo mbili zilizoihusu Afrika. Ya Hammarskjöld ilipokewa na Rolf Edberg, balozi wa Sweden. Lutuli alikuja mwenyewe kwa ruhusa ya siku chache tu, amevaa mavazi ya kimila ya uchifu wa Kizulu na kofia ya ngozi ya chui. Alikuwa mpigania taifa lake, sawasawa na Gandhi, na njia yake ya kutotumia nguvu ilitoka katika chemchemi moja na ile ya Gandhi, aliyeianza kazi yake katika Natal hiyo hiyo. Sababu iliyomzuia yule mwaka 1947 haikumzuia huyu, na mwenyekiti alikuwa mtu yule yule. Mimi nalichukua hilo kuwa dalili ya mtu aliyejifunza.

Miaka miwili baadaye kulikuwa na jambo la Linus Pauling, mwanakemia wa Marekani aliyepigana dhidi ya majaribio ya silaha za nyuklia. Inasimuliwa kwamba mwaka 1962 Jahn alikuwa peke yake katika kumtaka, na kwamba aliwaambia wenziwe afadhali mwaka upite bila tuzo kuliko kumwacha mtu huyo. Na kwa hakika tuzo ya 1962 iliwekwa, ikatangazwa kuwa ya Pauling tarehe 10 Oktoba 1963, siku ile ile mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya hewani ulipoanza kufanya kazi. Kisha mwaka 1964 akaja Martin Luther King, kijana wa miaka 35, akapokea tuzo kutoka mkono wa mzee wa miaka 81.

Jahn aliiacha kamati mwaka 1966, akafariki tarehe 31 Januari 1971. Brofoss alikuwa ameondoka benki mwaka mmoja kabla, na aliyemrithi, Knut Getz Wold, alikuwa mwanauchumi wa kizazi kilichosomeshwa na Ragnar Frisch, ambacho hakikuhitaji tena mtihani wa sheria ili kuingia katika hazina ya nchi. Mikutano ya Kamati ya Nobel haina kumbukumbu za majadiliano zinazofunguliwa kwa umma, na nyaraka zake hufungwa kwa muda wa miaka 50. Lakini shajara ya Jahn ilihifadhiwa, na humo ndimo wanahistoria walimopata sababu za kukataliwa kwa Gandhi, zimeandikwa na mkono wa mmoja wa waliomkataa, bila kupambwa. Mwaka 2006 Geir Lundestad, katibu wa kamati hiyo, alisema hadharani kwamba katika historia yote ya tuzo hakuna upungufu mkubwa kuliko kukosekana kwa jina la Gandhi.